Karatasi ya Pili Sikuichoma

Tk.

Kimya kidogo. Halafu tk, tk, tk.

Giza lilikuwa halijaondoka, na sauti ilitoka jikoni. Sikuhitaji taa kujua ni nini. Ukuta ulikuwa unamwaga mchanga juu ya kifuniko cha sufuria.

Chumba changu na cha mama mkwe vinatenganishwa na pazia tu. Nikamsikia akigeuka kitandani.

"Wameanza tena," akasema.

"Labda panya, mama."

"Panya wa nyumba hii nawajua. Hawabebi mchanga."

Nikamvutia mwanangu shuka mpaka shingoni, kwa sababu kifua chake ndicho kinachosikia vumbi kabla ya pua zetu.

Ninyi mlionisoma wiki iliyopita mliniacha nikiwa mtu mwema. Naombeni mnivumilie, maana leo hamtanipenda.

Kwa aliyefika leo nitasema kwa ufupi. Mtaa wetu ulikuwa nyumba mgongo kwa mgongo, mwanzo hadi mwisho. Kampuni ya majengo ikazinunua, ikazibomoa, zikabaki tatu zilizoegemeana: ya mama mkwe wangu, ya Kinyozi katikati, na ya Mama Mkunga pembeni. Wenye nyumba hizo watatu walikula kiapo kwamba hauzi mtu. Ukiondoa moja, ukuta wa mwenzake unabaki uchi, na ya kati ikienda ndiyo basi, zote zimekwenda.

Mimi ni mke wa mtoto wa nyumba. Mume wangu yuko mbali kwenye ujenzi wa barabara, hurudi kila baada ya miezi mitatu. Jioni nasoma madarasa ya watu wazima, na kwa sababu najua kuandika barua rasmi, mtaani wananiita Karani. Basi watatu hao wakaniomba niwaandikie barua ya kukataa kuuza.

Kikasha cha wino nilikiazima shuleni, na kilitakiwa kirudi jioni ileile. Ndipo nikapata wazo, nikaliona ni la akili. Wabonyeze madole kwanza, chini kabisa ya karatasi tupu, nirudishe kikasha, halafu niandike baadaye kwa utulivu. Tena, kwa vile mkono wangu hudondosha madoa, nikaomba wabonyeze karatasi mbili. Ya pili iwe akiba.

Barua ya kwanza ilitoka safi ikapelekwa. Mama mkwe akasema ile ya akiba niichome. Nanyi mlisoma wenyewe hapa nilipoandika: "Nikaichoma."

Sikuichoma. Niliwadanganya hata ninyi.

Nilichochoma ni ukurasa wa daftari langu la hesabu. Mama mkwe alikuwa amekaa kibarazani na kigoda chake. Moshi ukamfikia, akavuta pumzi, akasema, "Vizuri, mwanangu. Dole la mtu si la kuachwa ovyo."

Wakati anasema hivyo, karatasi yenye dole lake ilikuwa chini ya godoro, upande anaolala mjukuu wake.

Kwa nini? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Nilijiambia ni karatasi nzuri, nzito, itafaa. Itafaa nini, sikujiuliza. Nadhani nilijua.

Wiki ile mwanangu alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Nikambeba kwenda zahanati. Tulikuwa kwenye benchi tukisubiri kuitwa, nikaona viatu vyeusi visivyo na vumbi vimesimama mbele yangu. Nikainua macho. Ni yule mtu wa kampuni tunayemwita Bwana Faili, kwa sababu hatembei bila faili lake la kijani kwapani, kama kuku na yai.

"Dada, pole na mgonjwa," akasema.

"Tumeshapoa."

"Na mimi ni mzazi. Sipendi hili vumbi."

"Si mlizuie basi?"

Akakaa. Akashusha sauti, sauti ya mtu anayezungumza na ndugu yake. "Tungependa. Lakini hamjaomba kikao. Mmeandika hatutaki, basi. Mngeandika mnaomba tukae tuzungumze, taratibu zetu zinalazimisha mashine za kubomolea zizimwe mpaka kikao kifanyike. Hata mwezi."

"Wazee hawataki kuzungumza."

"Kuzungumza siyo kuuza, dada." Akamtazama mwanangu. "Zile nyumba mpya tunazowapa wanaohama, za ghorofa ya chini, zina bomba ndani na madirisha mawili kila chumba. Lakini hilo tuliache. Mimi nasema habari ya mtoto kupumua."

Muuguzi akatuita. Mle ndani nikaambiwa dawa zipo, ila dawa kubwa ni kumtoa kwenye vumbi.

Nitawaambia ukweli wangu wote. Niliposikia "bomba ndani", moyo uliruka. Miaka saba nabeba ndoo. Nilijiona nimesimama kwenye dirisha la pili nikifungua mfereji kwa kidole kimoja. Halafu ndipo nikakumbuka kifua cha mwanangu. Kwa mpangilio huo.

Mchana ule mama mkwe alikwenda kumkanda miguu Mama Mkunga. Nikaitoa karatasi. Nikaandika mistari mitatu: sisi wenye nyumba tuliotia madole hapa chini tunaomba kikao na kampuni, na tunaomba ubomoaji usimame kwa sasa. Basi. Hakuna neno la kuuza.

Niliandika kwa herufi za kutenganisha, mojamoja, kama za kwenye kibao cha duka. Nilijiambia ni ili isomeke vizuri. Uongo. Kinyozi anaujua mwandiko wangu.

Mwanangu alikuwa amekaa karibu yangu, homa imepungua, anataka kazi.

"Mama, nikusaidie."

"Pulizia hapa, wino ukauke."

Akavuta pumzi yote aliyokuwa nayo, masikini, akapuliza. Tone moja lilikuwa bado bichi pembeni. Likakimbia huku na huku, likaota miguu.

"Nimetengeneza buibui," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Nikamkumbatia. Nikamwambia buibui ni siri yetu. Mtoto wa miaka sita, nimempa mzigo wangu abebe.

Kati ya mstari wangu wa tatu na yale madole matatu palibaki nafasi nyeupe, upana wa kiganja. Sikuitazama. Nikaikunja karatasi nikampelekea Bwana Faili.

Kesho yake mashine zikazimwa.

Mngeona. Siku nne mtaa ulinyamaza. Mwanangu akalala usiku mzima bila kuamka. Mama mkwe akafuta vumbi kwenye picha ya marehemu mume wake, akasema mbele ya wenzake, "Mnaona? Barua ya mkwe wangu imewatia adabu. Kalamu yake ina meno."

Kinyozi akaniita dukani kwake akanivisha taulo jipya begani kama nishani. "Karani, kuanzia leo mtoto wako nywele bure mpaka aolewe."

"Kumbe anyolewe siku ya harusi?" Mama Mkunga akauliza.

"Mteja akishazoea haachi."

Walicheka wote. Na mimi nikacheka. Kicheko kile nakisikia mpaka leo, kinaniwasha kama upupu.

Siku ya tatu ya kile kimya nilikuwa darasani. Mwalimu wetu wa barua alichora karatasi ubaoni, akaweka mistari michache juu na sahihi chini, akaacha katikati patupu. Akageuka.

"Hapa katikati pana nini?"

"Hakuna kitu, mwalimu," tukajibu.

"Pana mlango," akasema, "na mmeuacha wazi." Akachukua chaki akachora mstari mrefu wa kukatiza, toka juu mpaka chini. "Usiache nafasi kati ya neno lako la mwisho na sahihi yako. Mtu atakuja aingie."

Wenzangu waliandika. Mimi kalamu ilianguka. Nikaiokota, nikajiambia yule ni mzazi kama mimi, alimtazama mwanangu kwa huruma. Tumaini langu limenisomesha mpaka darasa hili, lakini siku ile lilikuwa ujinga uliovaa nguo nzuri.

Sasa turudi kwenye asubuhi ya mchanga.

Kulipokucha, mashine zilikuwa zinanguruma nyuma ya ukuta wa jikoni. Hatujamaliza kunawa uso, Bwana Faili akabisha hodi. Alikuwa mchangamfu.

"Karibuni wote dukani kwa Kinyozi," akasema. "Ni katikati, hakuna atakayesema nimempendelea mwingine."

Tukaenda. Duka la Kinyozi ni chumba cha mbele cha nyumba yake: kiti kimoja cha kunyolea, kioo chenye ufa, benchi la wanaosubiri, harufu ya poda. Mwanangu akapanda kwenye kiti, ndicho apendacho, akawa anajizungusha taratibu. Mama mkwe na Mama Mkunga wakakaa benchini. Mimi nikasimama mlangoni.

Bwana Faili akafungua faili lake. Akatoa karatasi, akaiweka mbele ya kioo kati ya chanuo na mashine ya kunyolea.

"Nimekuja kuwashukuru," akasema. "Kampuni imepokea barua yenu."

"Ile ya kukataa?" Kinyozi akauliza.

"Hii ya kukubali."

Kinyozi alikuwa anakung'uta brashi. Mkono ukasimama hewani.

"Isome," mama mkwe akasema. "Isome kwa sauti."

Kinyozi akasoma. Mstari wa kwanza, wangu. Wa pili, wangu. Wa tatu, wangu. Halafu akaendelea kusoma.

"Aidha, baada ya kutafakari, tumekubali kuziachia nyumba zetu zote tatu, na tutahama pindi tutakapotakiwa."

Herufi za kutenganisha, mojamoja. Herufi kama zile kila mtu anaweza kuziiga. Nilikuwa nimemrahisishia kazi.

Na pembeni, buibui wangu alikuwa amekaa ametulia.

"Hiyo siyo yetu," mama mkwe akasema.

"Madole ni ya nani, mama?" Bwana Faili aliuliza kwa adabu kabisa.

Mama Mkunga ana mtoto wa jicho, haoni vizuri. Akaomba karatasi, akaileta mpaka puani. Akaitazama muda mrefu.

"Hili langu," akasema. "Lina kovu la mkasi katikati. Nilijikata siku nakata kitovu." Akainua uso. "Kitovu chako, Kinyozi. Ulikuwa unarukaruka kama samaki."

Hakuna aliyecheka.

"Basi dole lako limefikaje hapo?" Kinyozi akauliza.

"Wewe ndiye utuambie."

"Mimi?"

Mama mkwe alikuwa amekaa wima. Namjua akikaa hivyo. "Karatasi zilikuwa mbili," akasema. "Moja ilikwenda. Ya pili mkwe wangu aliichoma. Nilikuwepo. Moshi niliunusa kwa pua yangu hii."

Alinitetea. Kabla mtu hajaniuliza, alinitetea.

"Kwa hiyo hii ni ya tatu," akaendelea. "Nani alitushika vidole siku ile? Nani alisema, 'Shemeji, halikutoka vizuri, bonyeza tena'?"

Ni kweli. Kinyozi ndiye aliyeyaongoza madole yao. Mtu anayetuliza vichwa, alisema siku ile, hashindwi na vidole. Na yeye anajua kuandika vizuri, lakini alikataa kalamu. "Wenzangu watoke na wino kidoleni, mimi nitoke msafi kama bwana harusi?" Tulimpenda kwa neno hilo.

Sasa neno hilohilo likageuka.

"Shemeji," Kinyozi akasema polepole, "unasema mimi niliiba dole lako?"

"Nasema katika sisi watatu, anayejua kuandika ni mmoja."

"Mmoja." Akatikisa kichwa. "Sawa."

Mashine ilinguruma nyuma, chupa ya poda ikatembea kidogo juu ya meza.

Hapo ndipo pangekuwa mahali pangu. Neno moja tu. Mama, ni mimi. Nililiweka ulimini. Nikamtazama Bwana Faili, naye akanitazama kwa macho ya shukrani, kama mtu anayemshukuru msaidizi wake. Nikafikiria uso wa mama mkwe. Nikafikiria mume wangu akirudi. Nikafikiria, Mungu anisamehe, lile bomba.

Nikasema, "Mama, tusilaumiane kwanza."

Ndiyo nilichosema. Eti tusilaumiane.

Kinyozi akaweka brashi chini. "Siku marehemu mume wako anaumwa ile mara ya mwisho," akamwambia mama mkwe, "aliniita nikamnyoe. Hakuweza kukaa. Nilimlaza kichwa hapa, kwenye mkono wangu, nikamnyoa hivyo. Ulikuja na asante, nikaikataa. Unakumbuka?"

Mama mkwe akaangalia sakafu.

"Leo mimi mwizi."

"Sikusema mwizi."

"Umesema ninajua kuandika. Mbele ya huyu." Akamwelekeza Bwana Faili kwa kidevu. "Miaka yote hii ukuta wangu umeegemewa pande zote mbili. Sijawahi kusema ninyi ni wazito."

"Kinyozi, mwanangu," Mama Mkunga akaanza.

"Hapana, mama. Umenipokea wewe duniani, nakuheshimu, lakini na wewe umenitazama vibaya, na hata huoni vizuri." Akamgeukia Bwana Faili. "Hiyo karatasi ina nguvu bila mimi?"

Bwana Faili akakohoa kidogo. "Ina nguvu. Ila ingependeza zaidi kwa sahihi. Ya nyumba ya katikati inatosha. Wengine watafuata wenyewe."

Hapo nikaelewa. Karatasi yangu haikuwa na uwezo wa kuuza hata choo. Ilikuwa kabari tu ya kuwapasua hawa watu, ili mmoja asaini mwenyewe kwa hasira. Na kabari hiyo nimeichonga mimi.

"Lete fomu," Kinyozi akasema.

"Usifanye hivyo," mama mkwe akasema, sauti imekwisha.

"Kama jina langu limeshachafuka, angalau lichafuke kwa mkono wangu."

Fomu ilikuwa tayari ndani ya faili. Kalamu pia. Bwana Faili akaisogeza mashine ya kunyolea pembeni, akaitandaza fomu kando ya barua ile, akaikandamiza kwa kiganja ili isitikisike.

Kinyozi akaishika kalamu. Mkono huo nimeuona ukipita na wembe shingoni mwa watu bila kuyumba hata kidogo. Sasa ulikuwa unatafuta mahali pa kusaini.

Mama mkwe akanigeukia. Hakuniomba niseme kitu. Alinyoosha mkono tu nimshike, kwa sababu katika chumba kile mtu pekee aliyebaki wa yeye kumwamini ni mimi.

Nikaushika. Mkono wake ulikuwa na baridi. Dole lake gumba likawa juu ya langu.

Nikafungua mdomo. Nawaapia nilifungua.

Ncha ya kalamu ikagusa karatasi.

Kiti cha kunyolea kikalia, nyii, kikaacha kuzunguka. Mwanangu alikuwa ameinama mbele, viwiko juu ya meza ya kioo, pua karibu na ile barua. Akaweka kidole pembeni ya karatasi, akamtazama bibi yake kwa furaha ya mtoto aliyekuta kitu chake kilichopotea.

"Huyu buibui nilimpuliza mimi, mama alipokuwa anaandika."